Harusi ya Awamu ya Sita

Mwanasiti alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe alikuwa wa zege na chuma. Alilisema hilo mbele za watu bila kucheka. Mumewe, Mkubwa Vuai, dereva wa teksi wa mtaa wa Kings Heath, alirudi nyumbani kila siku na tope la huyo mwenziwe kwenye viatu, akamtaja usingizini, na Idi iliyopita alimpelekea sahani ya biriani kabla hata wakwe hawajanawa mikono.

Mke mwenza huyo yalikuwa makutano ya motawei, ile barabara kuu ya magari ya kasi, upande wa mashariki wa Birmingham, ambako daraja jipya la juu lilikuwa likijengwa ili magari yatokayo London yasirundikane tena kwenye kipilefti cha zamani. Ujenzi uligawanywa kwa awamu, na kila awamu ilikuja na koni mpya, mchepuko mpya na matusi mapya ya madereva. Watu wenye akili zao waliyakwepa makutano yale. Mkubwa aliyafuata.

Wazimu huu ulimwanza baada ya kiwanda cha magari cha Longbridge kufungwa, mwaka 2005. Alikuwa akipachika milango ya magari pale tangu ujana wake, na siku ya mwisho alitoka getini na mfuko wake wa chakula bila kudondosha chozi. Miezi michache baadaye, akiwa na teksi, alikwama kwenye taa za makutano akaona kreni ikipandisha boriti ya kwanza ya daraja. Hapo ndipo alipolia, mpaka abiria wake akadhani amefiwa. Kumbe alikuwa amefurahi tu kuona kwamba katika mji huu bado kuna kitu kinachoundwa kwa mikono ya watu.

Wala hakuwa peke yake. Kijiwe cha madereva, kwenye mkahawa mmoja wa barabara kuu ya Kings Heath, kilifuata ujenzi ule kama wengine wanavyofuata mpira. Évariste, dereva mwenzake aliyetokea Bukavu, aliomba kanisani nguzo ya tatu iombewe kwa kuwa ilikuwa imepata ufa. Raksha, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu aliyeendesha basi dogo la wanafunzi, alinuniana na dada yake kwa sababu ya urefu wa ukuta wa kuzuia kelele. Lakini bingwa alikuwa Mkubwa, na hilo halikuwa na ubishi. Ikafika mahali madereva wa mitaa ile, wakiiona Corolla yake ya kijivu inakaribia makutano, wanajipanga nyuma yake kimyakimya, maana palipopita Corolla ndipo palipokuwa na njia.

Sasa binti yake Asmahan alikuwa anaolewa.

Mchumba alikuwa Ishaka, kijana mpole wa London. Nikaha ilipangwa Jumamosi baada ya Adhuhuri, msikitini Acocks Green, na biriani la watu mia mbili lingesubiri kwenye ukumbi wa jirani. Mkubwa, kama baba, ndiye walii. Kazi ya walii si ngumu: amshike bwana harusi mkono, amtaje binti, ayataje mahari aliyoyataka binti mwenyewe, amuozeshe. Tatizo ni kwamba Mkubwa hakuyajua mahari ya mwanawe.

Si kwamba hakuambiwa. Jumapili moja Asmahan alimfuata mezani, akakaa mbele yake, akamweleza. Mezani hapo palikuwa na makutano yote, yametengenezwa kwa maboksi ya tende na vijiti vya mishikaki, na Mkubwa alikuwa akiitia gundi nguzo ya tatu, kazi isiyotaka masihara. Alisikia sauti ya mwanawe ikipanda na kushuka. Akasema, "Sawa, mwanangu. Sawa kabisa." Asmahan akanyanyuka akaenda zake, na mama yake akauliza kutoka jikoni, "Umemsikia lakini?" Mkubwa akajibu kwamba amesikia kila kitu.

Tangu siku hiyo alitafuta namna ya kuuliza bila kuuliza. "Hivi yale mahari," alimwambia mkewe asubuhi moja, akijitia hamnazo, "yamekaaje?"

"Yamekaa kama ulivyoyasikia," Mwanasiti akamjibu.

Kumuuliza Asmahan ndiko kulikomshinda kabisa. Kila alipofungua mdomo aliona haya, akaishia kumuuliza kama amekula. Mwishowe akajipa moyo kwamba atayachomoa kwa mjomba wa bwana harusi, siku yenyewe, kwa maneno ya mbali.

Nafasi angeipata, maana kuwapokea wageni wa kuumeni alikuwa amesema ni kazi yake. Desturi ni watu wa kukeni watoke kuwalaki wa kuumeni, wawaongoze hadi mlangoni. Asubuhi ya harusi Mwanasiti alishauri wageni watoke motawei mapema na kupita njia za ndani.

"Wapite njia za ndani kama wezi?" Mkubwa alimaka. "Leo inaanza awamu ya sita, mama Asmahan. Ya sita! Nani atawavusha?"

"Mie nakwambia kitu kimoja tu," Mwanasiti alisema, akimfunga kifungo cha kanzu kwa nguvu kuliko kifungo kilivyohitaji. "Leo uwe baba. Makutano yana wenyewe."

Mkubwa akaitikia. Kisha akavaa joho, na juu ya joho akavaa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, alichopewa na mtunza stoo wa ujenzi. Juu ya Corolla akaweka taa ya njano ya kuzunguka, ili wageni wasimpoteze. Évariste akakaa pembeni yake, amevaa suti ya kanisani, na redio ya habari za barabara kaibana sikioni.

Magari manne ya kuumeni yalikuwa yakisubiri kwenye kituo cha mapumziko cha motawei, yamefungwa utepe mweupe. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Shaame, Mpemba mkavu asiyejua mzaha, alikuwa amesimama kando akitazama saa. Mkubwa akamwamkia kwa heshima zote, akamuuliza habari za safari, za watoto, za shemegi, kisha akatupa ndoano.

"Na yale mahari, mzee wangu, hayakukutaabisheni?"

"Yametushangaza," Mzee Shaame alisema. "Sijapata kusikia mahari kama yale. Lakini kijana kakubali. Utayataja mwenyewe, sote tusikie."

"Naam, naam. Hasa lile... lile jambo lake."

"Jambo gani?"

"Si lile lenyewe."

Mzee Shaame akakitazama kizibao cha njano, akaitazama na taa inayozunguka juu ya gari, akaingia garini mwake bila kusema neno. Mkubwa akabaki na ndoano tupu, na sasa wasiwasi wake ulikuwa umeongezeka, maana mahari ya kumshangaza Mpemba si jambo dogo.

Walipokaribia makutano, msururu ulikuwa umeganda. Pembeni, leni ya kupandia daraja jipya ilikuwa imezibwa kwa koni, na mbele ya koni alisimama kijana wa kazi ambaye Mkubwa hakuwahi kumwona. Ilikuwa siku yake ya kwanza. Baadaye ilijulikana kwamba aliambiwa asubiri gari lenye taa ya njano, lenye mtu wa kizibao cha njano, likiongoza msafara wa mitambo, na likifika alifungulie. Likaja gari lenye taa ya njano. Ndani yake mna mtu wa kizibao cha njano. Nyuma yake msafara. Kijana akazihamisha koni moja moja, akapunga mkono.

"Ndugu Mkubwa," Évariste alisema, "redio haisemi kama ile pont, daraja ile, iko wazi. Miye minaogopa."

"Wamenijua, Évariste!" Mkubwa alipaza sauti. "Wamenijua, yakhe. Wananifungulia mimi!"

Ilimpanda furaha ambayo hakuipata tangu azaliwe Asmahan. Miaka yote ile alikuwa amesimama kando ya uzio na chupa yake ya chai, mtu wa pembeni, na leo watu wenye daraja wamemwita aingie. Akawasha indiketa, akakata usukani. Magari manne yenye utepe yakamfuata. Na nyuma yao watu wa Acocks Green, wa Solihull na wa Kings Heath, waliokuwa wameganda kwenye msururu, wakaiona Corolla ya kijivu inapanda. Hawakuuliza. Wakakata usukani wote.

Daraja lilikuwa zuri, usinitanie. Zege jeupe halijapigwa mstari hata mmoja, na upepo mtupu pande zote. Mkubwa alipanda taratibu akimwonyesha Évariste mahali nguzo ya tatu ilipokuwa chini yao. "Imepona," Évariste alisema, akafanya ishara ya msalaba. Wakapita juu yake salama, wakafika kilele, na hapo barabara ikaisha.

Haikuisha kwa kona wala kwa kibao. Iliisha tu: kizuizi cha chuma, nondo zilizochomoza, halafu hewa, na ng'ambo kule kipande cha pili cha daraja kikingoja kuunganishwa. Chini yao magari ya motawei yalivuma. Mkubwa akafunga breki. Nyuma yake wakafunga breki wote, pua kwa mkia, mpaka chini kabisa, na yule kijana, alipoona msafara umekwisha kupita, akazirudisha koni mahali pake kwa uangalifu.

Msimamizi wa ujenzi alipanda mbio, uso umemwiva. Alimjua Mkubwa, biriani la Idi alikula yeye.

"Not you," alisema. "Please, not you."

Alipopata pumzi alieleza hali ilivyo. Hakuna nafasi ya kugeuza. Magari yatatoka kinyumenyume, moja moja, aliyeingia mwisho atoke mwanzo, na kabla ya hapo polisi waje kufunga njia ya chini. Corolla itatoka jioni. Na kwa kuwa sheria ni sheria, hakuna mtu kukaa juu ya daraja bila kofia ngumu. Kofia zikaletwa kwa toroli. Ishaka akavishwa yake juu ya kilemba cha harusi, na Mzee Shaame akaipokea yake kwa vidole viwili.

Raksha alipanda kwa miguu kutoka katikati ya msururu, kofia imemfunika mpaka nyusi. "Bwana Mkubwa," alisema, "mimi nafuata wewe kila siku. Leo umeleta sisi wapi?"

Mkubwa alikuwa akiutazama ule upande wa Acocks Green, miti yake inaonekana kabisa kutoka pale juu. Mwanawe amekaa kule amepakwa hina, watu mia mbili wanasubiri, na nikaha ikiahirishwa ni kisirani ambacho mabibi watakisimulia hadi Unguja. Na aliyeyaleta yote haya ni yeye, kwa mikono yake, kwa taa yake ya njano. Akampigia simu Sheikh Azizi msikitini.

"Sheikh, nimekwama juu ya daraja."

"Bwana harusi unaye?"

"Ninaye."

"Mashahidi?"

Mkubwa akautazama msururu wa kofia nyeupe. "Ninao mpaka wa ziada."

"Na walii ni weye. Sasa mimi wanitakia nini? Binti nimeshamuuliza, idhini katoa. Muozeshe hapo hapo. Mie Alasiri nina nikaha nyingine Coventry, na biriani la watu linapoa."

"Hapa, sheikh? Juu ya daraja?"

"Daraja lina najisi?"

"Halina. Ni jipya."

"Basi!"

Busati likatolewa kwenye buti la gari la pili, likatandikwa juu ya zege. Mkubwa akakaa akimwelekea Ishaka, wakashikana mikono ya kulia, magoti yakigusana. Jamaa wa kuumeni wakawazunguka, na nyuma ya jamaa wakasimama madereva, maana hawakuwa na pa kwenda. Msimamizi naye akasimama, akavua kofia kwa adabu, akakumbuka sheria, akaivaa tena. Sheikh Azizi akasoma hotuba kwenye simu, sauti ikipotea kila lori lilipopita chini. Kisha akasema, "Haya, walii. Ozesha."

Mkubwa akaanza.

"Ewe Ishaka, nimekuozesha binti yangu Asmahan, kwa mahari... kwa mahari mliyokubaliana."

"Yatajwe," Mzee Shaame alisema.

"Si tunayajua sote?"

"Wewe wayajua?"

Évariste, aliyekuwa amechuchumaa nyuma yake, alimnong'oneza kwa kutaka kumwokoa: "Sema Coran na saa ya mukono. Batu bote banapenda saa."

Mkubwa akamtazama Ishaka. Kijana alikuwa akimtazama kwa huruma, midomo imekaribia kufunguka ili amtajie, na huruma ile ndiyo iliyommaliza. Kwamba mahari ya mwanawe atatajiwa na mwanamume aliyemjua Asmahan mwaka jana! Aliona aibu ya kweli. Akaomba dakika moja, akakata simu ya sheikh, akampigia binti yake. Mzee Shaame akaashiria iwekwe spika, binti asikike mwenyewe. Mkubwa akaiweka spika.

"Dad? Where are you?"

"Niko juu ya daraja, mwanangu."

"Of course you are," Asmahan alisema.

"Asmahan, yale mahari. Uliniambia nini?"

"I told you. Ile Jumapili. Ulisema sawa."

"Nilisema sawa, mwanangu. Sikukusikia. Nilikuwa natia gundi."

Upepo ulikuwa ukiupeperusha utepe kwenye magari.

"Driving lessons," Asmahan alisema. "Ishaka anifundishe gari mpaka nipasi. That's all I asked for."

"Gari? Lakini gari mimi nilikwambia nita..."

"I know. Since I was seventeen, Dad. Kila siku 'Jumapili ijayo'. Halafu wakaleta ile crane, and I stopped asking." Hakuwa amekasirika. Aliyasema hayo kama mtu anayemweleza mgeni njia, na Mkubwa angeona nafuu kama angemfokea. "It's fine. Just say it and come."

Simu ikakatika. Mkubwa alibaki ameishika. Asmahan alisomesha hesabu kwenye sekondari moja huko Longbridge, na kila alfajiri alipanda mabasi mawili kufika kazini. Mara ngapi baba yake amempita kituoni kwenye mvua, akampigia honi na kumpungia mkono, akiwahi kuona wameinua nini? Dereva wa teksi! Na wote waliomzunguka, waliosikia kila neno, walikuwa madereva.

Akaukamata upya mkono wa Ishaka, akaukaza.

"Ewe Ishaka bin Kombo," alisema, safari hii kwa sauti iliyofika hadi kwa Raksha, "nimekuozesha binti yangu Asmahan, kwa mahari ya kumfundisha kuendesha gari. Mpaka apasi."

"Nimekubali kumuoa Asmahan," Ishaka alijibu pale pale, kofia imemwinamia usoni, "kwa mahari hayo yaliyotajwa."

Mzee Shaame akaomba dua. Madereva, waliokuwa hawajui kama harusi ya Waislamu inapigiwa makofi ama vipi, walikimbilia magarini wakapiga honi, na honi zikateremka daraja zima hadi kwa yule kijana wa koni, ambaye alidhani anasifiwa.

Msimamizi aliruhusu wasiokuwa na magari washuke kwa ngazi za kiunzi. Mkubwa alikuwa na gari. Akautoa ufunguo mfukoni, akamwekea Évariste kiganjani.

"Ndugu, unaenda?" Évariste alishangaa. "Polisi bako karibu kufika. Batafunga motawei nzima! Hautaona?"

"Utanisimulia," Mkubwa alisema, akajirudi. "Hapana, bora usinisimulie."

Wakashuka pamoja na Mzee Shaame, bwana harusi mbele na walii nyuma, wakatembea hadi barabara kuu, wakapanda basi la kuelekea Acocks Green. Mzee Shaame alipewa kiti na msichana mwenye rangi ya zambarau kwenye nywele. Mkubwa alisimama njia nzima, ameshika bomba, na walipopita chini ya kreni hakuinua macho, ingawa shingo ilimuuma kwa kujizuia.

Ukumbini vigelegele vilimpokea Ishaka, akaingizwa kwa mkewe, akampa mkono kama inavyotakiwa. Mwanasiti alimwona mumewe mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akampisha. Alipobaki peke yake na Asmahan kwenye chumba cha bi harusi, Mkubwa alisimama karibu na kochi, hajui mikono aiweke wapi.

"Umekujaje?" Asmahan aliuliza.

"Kwa basi."

"Na gari?"

"Nimemwachia Évariste. Litatoka likitoka."

Asmahan alimtazama kwa muda, mikono yake yenye hina imetulia mapajani. Mkubwa hakuweza kuvumilia kule kutazamwa.

"Nitakufundisha mimi," alisema kwa haraka. "Kesho. Si Jumapili ijayo, kesho hii hii, wallahi. Mwache Ishaka apumzike. Saa mbili asubuhi niko mlangoni kwako."

"You can't, Dad." Alitikisa kichwa taratibu, kwa upole. "Ni mahari yangu. Umeshayataja, na Ishaka ameshakubali. It's his to give me now."

Ilikuwa kweli. Miaka yote ile jambo lilikuwa mkononi mwake, na mchana wa leo amelitoa kwa ulimi wake mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi. Hakuna wa kumrudishia. Machozi yakamlengalenga, na mara hii hakukuwa na boriti yoyote ya kusingizia.

"Basi mimi nitafanya nini?" aliuliza.

Asmahan alinyoosha mikono, akaifungua kamba ya kofia ngumu kidevuni mwa baba yake, akamvua. Alikuwa ameivaa tangu darajani, ndani ya basi zima, na hakuna aliyemwambia.

"You can sit in the back," alisema. "Kiti cha nyuma. Ukinyamaza."

Mkubwa akasema atanyamaza.